KAVERA HAIOZI
Somo la afya na mazingira kwa familia, vikundi na walimu wa makazi ya Nakivale



Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, akina mama na watoto wa Nakivale wanawasha sigiri. Kuni zimelowa umande na makaa hayataki kushika moto. Mtoto anaokota kavera mlangoni, anaikunja, anaiweka chini ya makaa na kupiga kiberiti. Moto unashika mara moja. Moshi mweusi unapanda, mtoto anakohoa kidogo, halafu kazi za nyumba zinaendelea.

Jambo hili linaonekana dogo. Katika somo hili tutajifunza kwa nini si dogo, na tufanye nini badala yake. Somo linaweza kusomwa kwa sauti mbele ya kikundi. Kama muda ni mfupi, someni sehemu ya 1 hadi ya 3 siku ya kwanza, na zilizobaki siku ya pili. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

Katika somo hili tutatumia neno "kavera" kama wanavyosema hapa Uganda. Ndiyo mifuko ile ambayo wenzetu wengi wa Kongo na Burundi huiita sashe.

1. PLASTIKI NI KITU GANI?

Plastiki hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Aina inayotumika kutengenezea kavera iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani milioni 2 hivi za plastiki. Siku hizi inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka.

Wataalamu walihesabu plastiki yote iliyogeuka taka tangu mwaka 1950 mpaka 2015. Waliona kwamba katika kila sehemu 100, sehemu 9 tu ziliyeyushwa na kutengenezwa upya. Sehemu 12 zilichomwa. Sehemu 79 zilizobaki zimo katika majalala, au zimetapakaa mashambani, mitoni na baharini.

Tusiilaumu plastiki bure. Jerikani ni nyepesi kuliko mtungi, na mtoto akiiangusha haivunjiki. Turubai, au shitingi kama wengi tunavyoiita, imekinga familia nyingi na mvua siku zile za kwanza za ukimbizi. Vitu hivyo hutumika miaka. Shida kubwa ni plastiki inayotumika dakika chache, kutoka dukani hadi nyumbani, kisha ikabaki ardhini miaka mingi kuliko umri wa aliyeinunua.

Kwa nini haiozi? Ukitupa ganda la ndizi shambani, vijidudu visivyoonekana kwa macho hulila, na baada ya muda mfupi limekuwa udongo. Vijidudu hivyo haviwezi kuila kavera vivyo hivyo. Jua huikausha, nayo hukatika vipande. Vipande hukatika vidogo zaidi, mpaka jicho halivioni tena. Hapo watu husema imekwisha. Haijakwisha. Imegawanyika tu, na sasa ni rahisi zaidi kuingia katika udongo, katika maji na katika chakula.

2. IKITUPWA, INAKWENDA WAPI?

Tuifuate kavera moja. Imenunuliwa sokoni Mbarara, imebeba nyanya. Mwenyewe anafika kituo cha magari, anahamishia nyanya kwenye kikapu, anaitupa kavera barabarani.

Mvua ikinyesha, maji huisukuma mpaka mferejini, na mifereji huelekea mto Rwizi. Mto huu hutoka katika milima ya Buhweju na kupita katika mji wa Mbarara. Watu wa mji hunywa maji yake baada ya kusafishwa. Kisha mto unaendelea mpaka kwenye mabwawa ya mafunjo na maziwa ya upande wa Mburo na Nakivale. Mwaka 2006 eneo hilo la Mburo na Nakivale liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa, chini ya Mkataba wa Ramsar.

Sasa tufikiri kidogo. Ziwa Nakivale ndilo linalotupatia samaki. Ndilo pia linalotoa maji mengi ya bomba ya makazi yetu, baada ya kusafishwa. Taka iliyotupwa mjini inaweza kusukumwa na mto kuelekea kwetu. Na ile tunayoitupa sisi wenyewe mlimani, mvua huiteremsha ziwani bila hata kuhitaji mto.

Je, kama taka imechukuliwa na gari la mji? Kwa miaka mingi taka za Mbarara zimepelekwa Kenkombe, katika eneo la Kakiika. Hapo palijengwa mahali pa kutengenezea mboji, chini ya mpango wa taifa uliosimamiwa na NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira. Fikra ya mpango huo ilikuwa nzuri. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda ya matoke, mabaki ya mboga na majani, na vyote hivyo huweza kurudi shambani kama mbolea. Lakini maganda yakifika yamechanganyika na kavera, chupa na vioo, lazima watu wayachambue kwa mikono. Na wakikosea kidogo, mboji hutoka na vipande vya plastiki ndani yake. Kazi ambayo nyumbani ingechukua dakika moja, jalalani inakuwa kazi ya kutwa nzima, tena ya hatari.

Jalala likiachwa likue bila mpango linaweza hata kuua. Jalala la Kiteezi, karibu na Kampala, lilianza kutumika mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto.

Huku makazini hatuna jalala kubwa la namna hiyo. Taka zetu zinabaki nyuma ya nyumba, mferejini, chooni au motoni. Ndiyo maana ukisema "nimetupa", kwa kweli umehamisha tu. Na hukuihamisha mbali.

3. MADHARA KWA AFYA

(a) Moshi

Hili ndilo la kwanza kwa ubaya, kwa sababu tunalifanya wenyewe, kila siku, karibu na pua za watoto.

Plastiki ikiungua katika moto mdogo, kama wa sigiri au wa shimo la taka, haiungui yote. Hutoa masizi na hewa zenye sumu. Plastiki yenye klorini, kama ile ya mabomba na ya nyaya za umeme, hutoa sumu inayoitwa dioksini. Mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aina kali zaidi ya dioksini katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mtu anapochoma taka zilizochanganyika, hawezi kujua kwa macho ni ipi yenye klorini na ipi isiyo nayo.

Sumu hii haipotei pamoja na moshi. Huanguka juu ya majani, ng'ombe akala majani, ikakaa katika mafuta ya mwili wake na kutoka katika maziwa. Kuku anayedonoa penye majivu ya taka huimeza, nayo hutoka katika yai. Yai hilo hilo tunampa mtoto ili apate nguvu.

Wanaoumia zaidi ni mama anayeinama juu ya moto, mtoto aliye mgongoni, mwenye mimba, na mtu mwenye pumu au kifua kibovu. Dalili za kwanza ni macho kuwasha, kikohozi na kichwa kuuma. Madhara makubwa huja polepole, baada ya miaka.

(b) Chakula cha moto

Wapishi wengine siku hizi hufunika matoke kwa kavera badala ya majani ya mgomba. Wengine hubeba chai, uji au maharage ya moto ndani ya kavera. Joto na mafuta hufanya kemikali zilizochanganywa katika plastiki zitoke na kuingia katika chakula. Jani la mgomba halina shida hiyo, tena ni la bure.

(c) Maji yaliyotuama

Kopo, chupa iliyokatwa au kiatu cha plastiki kikikaa nje hujaa maji ya mvua. Mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni hutaga humo. Mbu huyo hueneza homa ya manjano na dengi. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi yaliyo wazi. Mfereji ulioziba kwa kavera ndio unaomtengenezea madimbwi hayo.

Nchi ya Bangladesh ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998, mifuko ya plastiki ilionekana kuziba mifereji ya miji na kuyazuia maji yasitoke. Mwaka 2002 serikali yao ilipiga marufuku mifuko myembamba.

(d) Choo

Kavera, pampasi na pedi zikitupwa chooni hujaza shimo upesi, kwa sababu hazishuki wala hazioshwi na maji. Choo ambacho kingetumika miaka kadhaa hujaa mapema, na mtambo wa kunyonya uchafu hushindwa kukitoa. Choo kikijaa, watu hurudi porini, na kuhara hurudi nyumbani.

(e) Jerikani za dawa za shamba

Jerikani au chupa iliyokuwa na dawa ya kuua magugu au wadudu isitumike kamwe kubebea maji, maziwa wala mafuta ya kula, hata ikioshwa mara 10. Suuza mara tatu, mimina maji ya kusuuzia katika pampu ya kupulizia dawa ili yatumike shambani, kisha toboa matundu chombo kisitumike tena.

(f) Watoto wachanga

Mtoto akivaa kavera kichwani, hujibana puani na mdomoni, na anaweza kukosa hewa bila kupiga kelele. Zisiachwe kitandani wala mahali anapochezea.

Zaidi ya hayo, mwaka 2022 wanasayansi wa Uholanzi walitangaza kwamba wamekuta chembe ndogo sana za plastiki katika damu ya watu. Madhara ya chembe hizo bado yanachunguzwa. Lakini jambo moja limeshajulikana: tulichokitupa kimeanza kuturudia mwilini.

4. MADHARA KWA SHAMBA NA MIFUGO

Kavera iliyofukiwa shambani huzuia maji yasishuke na mizizi isipite. Ukipalilia maharage na kukuta shina moja limedumaa, chimbua, na mara nyingine utakuta limekaa juu ya plastiki.

Ng'ombe na mbuzi hula kavera kwa sababu ina harufu ya chumvi au mabaki ya chakula. Tumboni haisagiki wala haipiti. Zikizidi hufanya bonge. Mnyama anakonda ingawa anakula, tumbo linavimba, maziwa yanapungua, mwisho anakufa. Akishafika hapo hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha plastiki. Ni upasuaji tu.

Tunaishi jirani na wafugaji wa Ankole, na ng'ombe wao wenye pembe ndefu ndio mali yao na heshima yao. Mifugo na mashamba vimekwisha kuleta ugomvi wa kutosha baina ya wakimbizi na wenyeji. Ng'ombe wa jirani akifa na kukutwa na kavera zetu tumboni, hasara si ya ng'ombe peke yake.

5. SHERIA INASEMAJE?

Wengi wetu tumetoka au tumepita katika nchi zilizokwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki:

- Rwanda, tangu mwaka 2008.
- Kongo, kwa amri iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2017.
- Kenya, tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali ya faini au kifungo.
- Burundi, kwa amri ya mwaka 2018, baada ya kutoa muda wa kujitayarisha.
- Tanzania Bara, tangu tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006.

Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2009 ilikataza mifuko yenye unene chini ya maikroni 30, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikarudia katazo hilo. Maikroni 30 ni chini ya nusu ya unene wa unywele. Hata hivyo mifuko myembamba bado inaonekana masokoni. Tunajifunza kwamba sheria peke yake haitoshi. Mnunuzi naye lazima akatae.

6. TUFANYE NINI?

Hatua ya kwanza: tukatae isiyo ya lazima. Nenda sokoni na kikapu, gunia dogo au mfuko ulioshonwa kwa kipande cha kitenge. Mwuzaji akikupa kavera kwa kila kitu, mwambie kwa upole: "Asante ndugu, weka humu." Mafuta na maziwa, beba chombo chako.

Hatua ya pili: tuchambue taka nyumbani. Weka mafungu mawili tu. Fungu moja ni vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Hivi viende katika shimo la mboji, kisha bustanini. Fungu la pili ni plastiki. Tundika gunia ukutani, chini ya paa, na kila plastiki iliyo safi na kavu iingie humo. Familia ikifanya hivi, itaona kwamba taka ngumu kushughulikia ni chache kuliko ilivyodhani.

Hatua ya tatu: tutumie tena. Chupa kubwa iliyokatwa ni chungu cha kuoteshea miche. Mifuko minene hukatwa nyuzi na kusukwa mikeka au vikapu.

Hatua ya nne: tuuze kwa pamoja. Angalia chini ya chupa au jerikani. Mara nyingi utaona alama ya pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni jerikani. Namba 3 ni mabomba na vitu vyenye klorini, na hii isichomwe kamwe. Namba 4 ni mifuko laini. Namba 5 ni vyombo vigumu kama ndoo. Namba 6 ni vyombo vyepesi vya povu. Wanunuzi wa chuma chakavu na plastiki hupendelea ngumu, hasa namba 1 na 2. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja huhitaji chupa 50 hadi 100. Familia moja haitapata kitu. Lakini kijiji kizima kikikusanya mahali pamoja, zikiwa kavu na zimekanyagwa bapa, mnunuzi atakuwa na sababu ya kuleta gari.

Hatua ya tano: ile isiyouzika. Hapa ndipo watu huuliza: "Gari la taka halifiki kwetu. Tuchome au tuzike?" Tujibu bila kuficha. Njia zote mbili zina ubaya. Lakini kuzika mahali pamoja, palipochaguliwa vizuri, ni afadhali kuliko kuchoma. Kilichozikwa kinakaa mahali panapojulikana, na siku gari likipatikana kinaweza kufukuliwa. Kilichochomwa kimeshaingia mapafuni na katika maziwa. Kwa hiyo kijiji kikubaliane juu ya shimo moja la plastiki. Liwe mbali na kisima au ziwa, si chini ya mita 30, na mbali na njia ya maji ya mvua. Lizungushiwe uzio, watoto na mbuzi wasiingie. Kila wiki lifunikwe kwa udongo. Kamati ya maji na usafi ishauriwe kabla ya kuchimba.

7. JARIBIO KWA WANAFUNZI

Chimbeni shimo la kina cha mkono mmoja. Wekeni humo ganda la ndizi, kipande cha karatasi, jani la mgomba na kipande cha kavera. Fukieni, wekeni alama ya kijiti na kuandika tarehe. Baada ya miezi mitatu fukueni. Kila mwanafunzi aandike alichokiona, kisha awasomee wazazi wake nyumbani. Mzazi anayebishana na karatasi hii huenda asibishane na alichofukua mwanawe.

8. MASWALI YA KUJADILI

1. Jana nyumbani kwako ziliingia kavera ngapi? Ngapi kati yake zingeweza kukataliwa?
2. Nani katika kijiji chetu huvuta moshi wa plastiki zaidi, na kwa nini?
3. Mvua ikinyesha leo usiku, taka za kijiji chetu zitaelekea wapi?
4. Nani anaweza kuongoza kazi ya kukusanya chupa, na gunia litatunzwa wapi?
5. Tumwambieje jirani anayechoma taka bila kuleta ugomvi?

NENO LA MWISHO

Hakuna anayetutaka tusafishe dunia nzima kwa siku moja. Tuanze na sigiri. Leo jioni, kabla ya kulala, weka ndani ya nyumba magunzi ya mahindi, vijiti vikavu na majani makavu ya mgomba, umande usiyafikie. Mwonyeshe mtoto mahali yalipo. Mweleze kwamba kuanzia kesho moto utawashwa kwa hayo, na kavera itaingia katika gunia la ukutani. Moto utachelewa kidogo kushika. Asubuhi hiyo mtoto hatavuta moshi wa plastiki, wala yule aliye mgongoni.